Vigae vya bafu ukiwa mbali na saiti: kagua kila kitu kabla hakijafunikwa

Anayejengewa nyumba akiwa nchi nyingine mara nyingi huona bafu lake kwenye picha kazi ikiwa imekwisha: kuta zinang'aa, koki zimefungwa, mistari imenyooka. Picha hiyo haimwambii mengi. Bafu huharibikia nyuma ya vigae, kwenye mabomba, lipu, mteremko na dawa ya kuzuia maji, na vikishafunikwa hakuna kamera itakayoviona. Dawa yake ni kuigawa kazi kwa vituo. Fundi akifika mahali fulani anasimama, anatuma ushahidi, anakubaliwa, ndipo anaendelea, na malipo yanafuata vituo hivyohivyo. Fundi anayejua kazi yake hachukii utaratibu huu, maana unamkinga asije akabebeshwa uvujaji ulioachwa na fundi bomba.

Anza na mchoro wa kila ukuta peke yake. Ziite kuta A, B, C na D kuanzia mlangoni ukizunguka kulia, na herufi hizo ziandikwe kwa chaki ukutani, ili kila picha ijieleze ni ya upande gani. Kisha fundi apige mstari mmoja kuzunguka chumba chote, mita 1 juu ya sakafu iliyokamilika, yaani uso wa kigae kitakapokuwa, si zege. Vimo vyote vipimwe kutoka mstari huo. Sakafu itapanda kila inapoongezwa tabaka, mstari hausogei.

Mabomba kabla ya lipu

Vimo vinavyofaa watu wengi, kutoka sakafu iliyokamilika, ni hivi: mikseri ya shawa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi) mita 1 hadi 1.2, kichwa cha shawa mita 2 hadi 2.1, uso wa juu wa beseni la kunawia sentimita 80 hadi 85, na katikati ya choo angalau sentimita 38 kutoka ukuta wa pembeni, vinginevyo mtu anakaa amebanwa bega.

Kosa linalojirudia ni kupima kutoka ukuta mtupu wa tofali. Lipu itaongeza kama milimita 15, gundi na kigae kama 15 nyingine. Choo kinachotaka bomba lake liwe milimita 305 kutoka ukuta uliokamilika, fundi akipima 305 kutoka kwenye tofali, mwishoni atabaki na 275 na tangi litagonga ukuta. Kutoka kwenye tofali alipaswa kupima 335. Ndiyo maana choo na mikseri huchaguliwa kabla ya bomba kulazwa, na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji ibandikwe saiti. Mikseri inayofichwa ukutani huja na kifuniko cha plastiki chenye alama mbili, kina cha chini na kina cha juu. Uso wa kigae lazima uangukie katikati ya alama hizo. Mwili wa mikseri ukizama sana, mkono wa koki haufiki. Ukitokeza, bamba la nje halilali ukutani.

Mabomba ya maji safi yajaribiwe kwa pampu ya mkono yenye geji, kwa shinikizo la mara moja na nusu ya lile la kawaida; wengi hupandisha hadi baa 10. Mabomba ya plastiki hutanuka kidogo, kwa hiyo sindano itashuka mwanzoni bila kuwa na uvujaji. Pampu tena, uache masaa kadhaa. Omba picha ya geji mwanzoni na mwishoni, saa ikionekana. Ni vizuri zaidi shinikizo likiachwa ndani hata wakati wa kupiga lipu, kwani mtu akitoboa bomba kwa msumari, geji itasema saa hiyohiyo.

Mabomba ya maji machafu yajazwe maji na kuangaliwa kila kiungo. La choo liwe la milimita 100 au 110, la shawa lisipungue 50, na yateremke kama sentimita 2 kwa kila mita. Chini ya dreni ya sakafuni, yaani tundu la kutolea maji, lazima pawe na kona inayobaki na maji, kina cha milimita 50, ili harufu isirudi. Mwisho wa kituo hiki ni picha za kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kutoka kwenye kona ili umbali wa kila bomba usomeke. Siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kioo au kabati, picha hizo ndizo zitakazookoa bomba.

Lipu na mteremko

Lipu ya bafu iwe ya saruji na mchanga, isiwe ya jasi. Jasi ikilowa hulegea, na ikikutana na gundi yenye saruji kwenye unyevu kigae huachia. Uso wake ubaki na ukwaru. Ukipigwa niru ukang'aa, dawa na gundi havishiki vizuri. Egemeza rula ya alumini ya mita 2 ukutani: nafasi inayoonekana nyuma yake isizidi milimita 3. Kona zipimwe kwa 60, 80 na 100: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari utoke 100 kamili. Kona isiyo mraba huonekana baadaye kwenye vigae vya sakafu, ambavyo vitakatwa kwa ubavu unaopungua hadi kufa.

Lipu ipewe wiki 2 kabla ya vigae, tabaka la kusawazisha sakafu wiki 3, na zege jipya kama wiki 6. Saruji hunywea inapokauka, na kigae kilichowahishwa hubeba msukumo huo.

Mteremko wa kwenda kwenye dreni ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na mahali pake ni kwenye tabaka la kusawazisha. Fundi anayekuambia atautafuta kwa gundi wakati wa kubandika, mzuie. Gundi iliyorundikwa unene mkubwa hunywea na kukivuta kigae chini, na dawa ya kuzuia maji itakuwa imelala sakafu tambarare ambako maji yatasimama chini ya vigae. Kingo za sakafu kuzunguka ukuta wa shawa zibaki kimo kimoja, sakafu ishuke kuelekea dreni tu. Bafu zima liwe chini ya korido kwa milimita 15 hadi 20.

Hapa pia ndipo ukubwa wa kigae unapoamuliwa. Dreni ikiwa katikati, sakafu inashuka kutoka pande nne, na kigae cha 60 kwa 60 hakipindi. Ama kikatwe mishazari kutoka kwenye kona, ama utumie vigae vidogo, ama uweke dreni ndefu kando ya ukuta ili sakafu yote iteremke upande mmoja. Kwa mwenye nyumba asiyekuwepo, dreni ndefu hupunguza sana nafasi ya kukosea.

Dawa ya kuzuia maji

Vigae na grauti ya saruji, ile inayojaza mianya kati yake, havizuii maji. Maji hupenya kwenye mianya kila siku, na kinachoyasimamisha ni tabaka la dawa lililo nyuma. Hapa ndipo wengi hubana matumizi, na ndipo uharibifu mkubwa unapoanzia: dari ya chini inatoka madoa, rangi ya chumba cha jirani inavimba, chumvi nyeupe inachomoza kwenye mianya.

Dawa ipakwe sakafu yote, kuta za shawa hadi mita 2, na kuta nyingine angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Kwanza vumbi liondolewe, nyufa zizibwe, na praima ipakwe ikiwa mtengenezaji anaitaka. Kisha utepe wa kitambaa ulazwe kwenye kila kona, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, na kola za kitambaa kila bomba linapotokeza. Kona ndizo zinazopasuka kwanza kwa sababu ukuta na sakafu havitembei pamoja. Kwenye dreni, dawa ishuke ishike ukingo wa dreni yenyewe. Ikiishia sentimita mbili kabla ya ukingo, maji yataingia hapohapo.

Mikono, yaani matabaka ya kupaka, iwe miwili, wa pili ukipakwa kwa kukatiza mwelekeo wa kwanza, baada ya wa kwanza kukauka. Rangi mbili tofauti husaidia sana, kwa sababu hata kwenye picha utaona pale mkono wa pili ulipopitia juujuu.

Kiasi kilichotumika nacho ni ushahidi. Chukua bafu la mita 2.4 kwa 1.8, shawa ikiwa imechukua ukuta mfupi na sentimita 90 za kila ubavu. Sakafu ni mita za mraba 4.32, kuta za shawa 7.2, na ukanda wa chini uliobaki, ukitoa mlango, 0.6. Jumla kama 12. Dawa ya saruji ya kuchanganya vitu viwili hula karibu kilo 3 kwa mita ya mraba kwa unene wa milimita 2, maana yake kilo 36. Fundi akikuonyesha ndoo tupu zenye jumla ya kilo 15 tu, hesabu imekwisha kujibu.

Dawa ikishakomaa kwa siku zilizoandikwa kwenye mfuko, fanya jaribio la kujaza maji. Dreni izibwe kwa kizibo cha kupulizwa, mlangoni pajengwe kingo ndogo, maji yajazwe sentimita 3 hadi 5, na kimo kiwekewe alama ya penseli ukutani. Yakae masaa 24. Weka pembeni beseni la maji lenye alama yake pia: mahali penye joto maji hupungua yenyewe milimita kadhaa, na beseni litakuonyesha ni kiasi gani kimekwenda na hewa. Maji ya sakafuni yakipungua kuliko ya beseni, kuna tundu. Angalia pia dari ya chini na ukuta wa nje. Ukifanya jaribio moja tu katika ujenzi wote wa bafu, liwe hili.

Kuanzia hapo hakuna msumari unaoingia kwenye eneo hilo. Mafundi wengi hupigilia ubao ukutani kushikilia safu ya kwanza ya vigae, na matundu ya misumari yanabaki kwenye dawa. Ubao ukihitajika, uegemezwe kwa vipande vya mbao kutoka sakafuni, na sakafu ifunikwe mfuko au kadibodi isichubuliwe na viatu.

Kununua vigae na gundi

Kwa bafu hilohilo, vigae vikipanda hadi mita 2.4, kuta ni mita za mraba 20.16. Toa mlango wa 0.8 kwa 2.1 na dirisha la 0.6 kwa 0.6, zinabaki 18.12. Ongeza asilimia 10 za kukatika, agiza 20. Boksi la vigae vinane vya 30 kwa 60 lina 1.44, hivyo ni maboksi 14. Sakafu ya 4.32 iongezwe asilimia 15, kwa sababu mteremko na dreni hula vipande: karibu mita 5.

Yote yanunuliwe siku moja. Kila boksi lina namba ya toleo, toni ya rangi na ukubwa halisi, na namba hizo zifanane kwenye maboksi yote. Vigae vya jina moja vya toleo tofauti huweza kupishana rangi, na hata milimita moja ya ukubwa, jambo linalotosha kuvuruga mistari ya ukuta mzima. Omba picha za lebo kabla boksi halijafunguliwa.

Kwa sakafu chukua poselini isiyoteleza, R10 au R11. Kipimo hicho cha R hupimwa kwa viatu; kwa miguu mitupu angalia herufi A, B na C, na sakafu ya shawa ifike B. Poselini hunyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo saruji tupu haina pa kushika. Kuloweka vigae kwenye pipa ni desturi ya vigae vinyonyavyo vilivyobandikwa kwa saruji. Poselini na gundi havihitaji hilo, na unyevu unaobaki mgongoni unapunguza mshiko.

Gundi iwe na maandishi C2TE kwenye mfuko. C2 ni mshiko wa nguvu, T haitelezi ukutani, E inakupa muda mrefu kabla haijaota ngozi. Kwa vigae vikubwa tafuta pia S1, inayonyumbuka. Matumizi ni kilo 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa mwiko wa meno ya milimita 10. Eneo letu la mita za mraba 22.5, kuta na sakafu pamoja, linataka mifuko 5 ya kilo 25.

Kubandika

Vigae vipangwe vikavu kwanza, au vichorwe kwenye mchoro wa ukuta, ili vipande vya pembeni visiwe vyembamba kuliko nusu ya kigae. Vigae virefu kuliko sentimita 38 mara nyingi huwa na mbinuko mdogo katikati. Ukivipanga kwa mtindo wa tofali nusu kwa nusu, ncha ya kimoja inakutana na mgongo wa kingine na taa ya pembeni itaanika kila jino. Vipishane kwa theluthi moja tu, au vinyooshwe mistari.

Unga wa gundi uingizwe kwenye maji, si maji kwenye unga. Uchanganywe, upumzike dakika 5, uchanganywe tena. Ukianza kukaza kwenye ndoo usiongezwe maji, umekwisha kazi. Gundi ipakwe eneo linaloweza kumalizwa kwa dakika 20, na ukiigusa kidole kikatoka kikavu, ikwanguliwe ipakwe mpya.

Madonge matano nyuma ya kigae ndiyo kazi mbaya inayoenea kuliko zote. Katikati ya madonge panabaki mapango. Ukutani yanahifadhi maji, sakafuni kigae hupasuka kitu kizito kikianguka juu ya pango. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno, mistari yote ielekee upande mmoja, na mgongo wa kigae upakwe tabaka jembamba pia. Kigae kisukumwe kukatiza mistari ili hewa itoke. Kisha, mara kwa mara, fundi ang'oe kimoja kikiwa bado kibichi akigeuze mbele ya kamera. Mgongo uwe umefunikwa angalau asilimia 95. Ukiona mistari ya meno bado imesimama na mifereji mikavu kati yake, gundi haitoshi au imeota ngozi. Ukiona kona zimebaki safi, mwiko ni mdogo au mgongo haukupakwa. Video ya sekunde kumi ya kigae kilichogeuzwa ina thamani kuliko picha ishirini za ukuta uliokamilika.

Safu ya chini kabisa ya ukuta ibandikwe baada ya sakafu, ikae juu ya kigae cha sakafu, na pale vinapokutana paachwe mwanya wa milimita 3 hadi 5 usio na gundi wala grauti.

Grauti, silikoni na vifaa

Grauti isubiri masaa 24. Mianya isafishwe gundi iliyofurika, angalau theluthi mbili za unene wa kigae, la sivyo grauti itakuwa ngozi nyembamba itakayomomonyoka. Kiasi chake: jumlisha urefu na upana wa kigae, gawanya kwa urefu mara upana, zidisha kwa unene, kwa upana wa mwanya, kisha kwa 1.6, vipimo vyote kwa milimita. Kigae cha 300 kwa 600, unene 9, mwanya 2, kinatoa kilo 0.144 kwa mita ya mraba. Bafu hili lote linatosheka na kilo 5.

Maji mengi ndiyo adui hapa, kwenye mchanganyiko na kwenye sifongo. Grauti iliyozidi maji hukauka na madoa mepesi na meusi, na ukiikwaruza kwa kucha inatoa unga. Ibanwe kwa ubao wa mpira kwa mshazari, isubiriwe ishike, ifutwe kwa sifongo iliyokamuliwa. Ukungu mweupe unaobaki ukikaidi, asidi kali isikaribie koki za kromu wala grauti changa.

Kona zote, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, ni za silikoni ya bafuni isiyoota kuvu. Ukiona grauti imewekwa kona, itapasuka. Iondolewe kabla haijalipiwa. Silikoni iwekwe sehemu kavu, na shawa isifunguliwe kabla ya siku mbili.

Choo kifungwe kwa skrubu na ukingo wake uzibwe kwa silikoni. Kukilaza kwenye saruji kunaweza kukipasua, na siku ya kukitoa hakitatoka kizima. Saketi ya umeme wa bafu, hita ya maji ikiwemo, ilindwe na kikata umeme unapovuja (RCD) cha miliampia 30, na hita iunganishwe waya wa ardhi.

Ukaguzi wa mwisho ufanyike kwa video bila kukatwa. Fundi apite na kijiti akigonga kila kigae, akianza karibu na dreni na kwenye kona. Palipo na pango hulia tofauti na kwenye maiki ya simu inasikika wazi. Amwage ndoo ya maji kila kona ya shawa, kamera ibaki sakafuni hadi yaishe, na dimbwi lolote linalosalia lirekebishwe. Akunje karatasi ya chooni apanguse nayo kila kiungo cha bomba chini ya beseni na nyuma ya choo. Karatasi ikilowa, kiungo kikazwe. Fungu la mwisho la malipo likae wiki mbili baada ya bafu kuanza kutumika, na boksi moja zima la vigae vya kila aina lihifadhiwe ndani ya nyumba likiwa na lebo yake, kwa sababu toleo hilo huenda lisipatikane tena.